Mufulaji Aliyeonja Moshi wa Gari-Nyumba

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa tatu wa shule ya msingi, nikatoka, nikasukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kutoka Kabambare hadi Kasongo mpaka magoti yakazeeka kabla yangu. Kila nilicho nacho nilikitafuta mwenyewe. Anayetaka maandishi mazuri aende kwa walimu. Mimi naandika habari za mwanamke mmoja aliyefua nguo za watu hapa Kasongo, kwa sababu nimechoka kukaa nazo peke yangu.

Jina alikuwa nalo, na ndugu alikuwa nao, lakini hayo waulizwe wenyewe. Sisi tulimwita Mufulaji, yaani mwenye kufua. Alifulia kwenye kijito kinachopita chini ya depo yangu ya chumvi na sabuni, na kwa miaka mingi mgongo wake ndio kitu cha kwanza nilichokiona nilipofungua mlango. Mwembamba, mrefu, mikono imekunjamana kama ameiazima kwa mtu anayemzidi miaka ishirini.

Alikuwa na namna yake ya kupanga nguo. Wengine hutenga nyeupe na za rangi. Yeye aliweka mafungu matatu juu ya mawe: la jasho, la mafuta, la moshi. Nilimuuliza siku moja, rangi je?

"Rangi unaiona, muzee. Mi nafula ile haionekane."

Sabuni ya unga hakuitaka, hata nilipompa ya bure. "Povu mingi, kazi kidogo," alisema, akairudisha. Alipika ya kwake kwa mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, nyeusi kama kinyesi cha mbuzi, na kanzu zilizopita kwenye ile sabuni zilikwenda msikitini Ijumaa zikiwaka. Yeye mwenyewe alivaa kitenge kimoja kilichochuja hadi hujui kilikuwa na picha gani. Amewatakatisha wote, yeye amebaki hivyo.

Tena alinusa tumbaku. Alikuwa na kikopo kidogo kwenye fundo la kitenge, na kila akimaliza fungu alivuta puani, akapiga chafya tatu, akaendelea. Kila Ramadhani alikifunga kile kikopo juu kwenye dari la nyumba, na mwezi mzima akawa mkali kama nyuki, mpaka wateja walituma watoto kupeleka nguo. Pua yake kwa hiyo ilikufa zamani. Unaona jambo hilo? Mtu wa kutoa harufu za watu, na yeye hanusi kitu. Akishuku nguo, alikunja ncha ya pindo, akaigusa kwa ulimi.

"Bado," alisema, akairudisha majini.

Nilimwambia hiyo ni kazi ya ovyo, kulamba nguo za watu. Hakukasirika. Alisema, "Pua inazoea. Kaa na mbuzi siku tatu, mbuzi hanuke tena. Ulimi hauzoee."

Nguo humwambia mfuaji mambo mengi. Nani ametapika pombe, nani amelala pasipo pake, nani ana ugonjwa. Mufulaji alijua mtaa mzima, na hakuna aliyepata kusikia kwake habari ya mwingine. Ila wewe mwenyewe hakukuacha. Alikungoja uwe peke yako, akakwambia usoni, sauti ya chini, mara moja tu. Jirani mmoja aliyekuwa ameoa karibuni alipeleka kanzu yake. Mufulaji akaikunja, akamrudishia, akasema, "Hii ilikaa kwa mutu mungine. Peleka kule ifuliwe." Jirani yule alinieleza mwenyewe miaka baadaye, akiwa na wajukuu, akicheka. Siku ile, alisema, hakucheka. Alirudi nyumbani kwa mkewe na hakutoka tena.

Basi nije kwenye gari.

Bibi yangu, yaani mke wangu, ana kifua. Si kikohozi cha kupita, ni pumu ile ya kumkalisha wima kitandani, mabega juu, anatafuta hewa kama mtu anayezama. Kwao ni Kabambare. Kule ana dada yake mkubwa aliyemlea, na yule dada amepofuka. Kila mwezi watu wa pikipiki wanaotoka Kabambare walileta maneno yale yale: "Dada yako anasema uje akushike uso."

Mara mbili tulijaribu. Pikipiki, vumbi la kiangazi, na kabla hatujafika mbali tulimlaza kando ya njia chini ya khanga iliyoloweshwa, tukarudi. Juu ya kamyo, yale malori ya mizigo, kwenye magunia, ni vumbi lile lile pamoja na moshi wa mazuti ya injini. Miaka ikapita. Dada anangoja, bibi yangu analia kimya akidhani simwoni. Na mimi, mtu aliyevusha mafuta ya mawese madaraja ya magogo kwa baiskeli, siwezi kumfikisha mke wangu kwa dada yake.

Ndipo niliposikia kwamba wazungu waliokuwa wakipima mawe ya dhahabu upande wa Salamabila wamefunga kazi na wanauza vitu. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na gari-nyumba: kamyo ndogo ya magurudumu manne yenye nguvu, na mgongoni kijumba kizima. Kitanda, jiko la gesi, kabati, beseni la kuoshea, madirisha ya vioo yanayofunga kweli. Niliona hapo hapo: bibi yangu amelala ndani, vioo vimefungwa, vumbi liko nje na yeye yuko ndani. Nikalinunua bila kuuliza mtu. Nimezoea hivyo.

Sikulinusa vizuri. Nilipolileta nyumbani na kufungua mlango, majirani walirudi nyuma. Mkubwa wa wale wazungu alikuwa amevuta sigara mle ndani miaka yote, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu. Harufu ilikuwa kama majivu yaliyoloweshwa, imekaa kwenye zulia, kwenye godoro, kwenye mapazia, kwenye kitambaa cha dari. Bibi yangu alitia kichwa. Kichwa tu. Akaanza kukohoa, akateremka, akakaa chini ameshika tairi.

Sisi watu wa Kasongo, Waislamu wa tangu mababu, harufu mbaya tunajua dawa yake. Ndiyo makosa yetu. Mama watatu wa jirani walikuja na vyetezo vyao. "Baba, usiwe na wasiwasi, tutafukiza." Wakafunga vioo, wakaweka udi, wakaweka ubani, wakanyunyiza marashi ya waridi kwenye godoro. Siku tatu. Tulipofungua, lilinuka kama mtu aliyevutia sigara kwenye matanga. Bibi yangu hakusogea hata karibu. Alikaa barazani, akanitazama, akasema, "Asante, baba. Umejaribu." Lile neno lilinichosha kuliko miaka yote ya baiskeli.

Nikashuka kijitoni. Mufulaji hakuwa na desturi ya kwenda kwa wateja, mteja alimfuata majini.

"Gari haliwezi kushuka hapa," nikamwambia.

"Ni kwa ajili ya nini?"

"Ni la kumpeleka bibi yangu kwa dada yake."

Akakamua nguo aliyokuwa nayo, akainuka. "Basi mi napanda."

Alizunguka lile gari mara moja. Aliingia, akapitisha kidole kwenye ukuta juu ya kitanda, akakigusa kwa ulimi, akatema nje kupitia mlangoni.

"Nani alichoma udi humu?"

"Ni sisi," wakasema wale mama.

"Mulifunga madirisha?"

"Tulifunga, ili iingie vizuri."

"Imeingia kweli. Mumevalisha mufu kanzu mupya."

Wale mama walicheka, lakini walikasirika pia. Mufulaji akanigeukia. "Toa zulia."

"Zulia zima hilo, halijatoboka."

"Toa. Na godoro. Na pazia. Na kile kitambaa cha juu."

"Dari pia? Utaniachia nini?"

"Bati na mbao. Bati haivute moshi."

Nikatoa. Kila kitambaa nilichong'oa kilikuwa kinanipa uchungu, maana mimi ni mtu wa kuhifadhi vitu. Chini ya dari tulikuta mbao zimegeuka rangi ya kahawa. Nyuma ya jiko kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo vipisi vya sigara vimejaa kama mchwa. Vyote alivitia kwenye ndoo, akavipeleka mbali kuvizika, akarudi akinawa mikono.

Akaanza kuosha. Maji ya moto, sabuni yake nyeusi, kitambaa kigumu, halafu maji ya ndimu, halafu maji matupu. Kuta, mbao, ndani ya makabati, chini ya kitanda, kile kisanduku cha feni kinacholeta hewa, mpaka skrubu moja moja. Yaliyotoka yalikuwa mekundu, mazito. Shofere mmoja mzee wa jirani, dereva wa kamyo, alikuwa amekaa akitazama.

"Mama Mufulaji, unapika chai?"

"Njoo unywe, shemeji. Sukari nimeweka."

Jioni alijaza vikapu makaa, akavipanga ndani, asubuhi akavitoa, akaacha milango wazi jua liingie mpaka sakafu. Makaa hayo alikataza yapikiwe. Siku ya pili tena. Ya tatu tena. Kila siku kidole, ulimi, na lile neno lake, bado. Siku ya sita nilimwambia imetosha, siku hizi hakuna anayesikia harufu. "Kwa sababu muko na pua," akasema. Siku ya kumi na moja alilamba ukuta, akafunga macho, akalamba tena pembeni, karibu na dirisha.

"Maji tu," akasema. "Lete bibi yako."

Nilivaa koti langu zuri. Nilimshika bibi yangu mkono, nikampandisha, nikakaa naye kwenye kitanda kipya cha mkeka na godoro la sufi, nikafunga mlango. Ilikuwa saa yangu. Hakuchukua muda. Mabega yakapanda, akaanza kukohoa, akanyoosha mkono kutafuta kitasa.

Nilitoka nimewaka. "Siku kumi na moja!" nikamwambia Mufulaji mbele ya watu. "Umeniharibia gari, umeng'oa dari, na bado! Wewe ni mfuaji wa nini?"

Alimngoja bibi yangu apate pumzi, akamwambia, "Rudi ndani, mama, peke yako. Muzee atakaa huku." Bibi yangu akarudi. Mlango ukafungwa. Nikangoja kikohozi. Hakikuja. Tukasikia anavuta kiti, baadaye anaimba kidogo, baadaye kimya. Nilichungulia kwenye kioo. Alikuwa amelala ubavu, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtoto. Alilala mpaka alasiri.

"Ingia sasa," akasema Mufulaji.

Nikaingia. Nilipofunga mlango nyuma yangu, bibi yangu aliamka akikohoa.

Mufulaji alinipeleka nyuma ya depo, mahali pasipo mtu. Sauti ya chini. "Gari nimemaliza. Wewe bado."

Nitaandika sasa lile ambalo sijapata kusema. Nilijifunza sigara kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila nikiwa kijana, tulipokuwa tunavuta kudanganya njaa. Nilipofungua depo nikasema nimeacha. Sikuacha. Mbili asubuhi, mbili mchana nyuma ya magunia ya chumvi, halafu tangawizi mdomoni na ndimu mikononi. Siku zote hizo nilipokuwa namtukana yule mzungu na vipisi vyake, pakiti ilikuwa kwenye mfuko wangu wa ndani. Nilijiona mjanja.

Mtu akiambiwa ukweli kama ule anafanya mambo ya aibu. Nilimfukuza. Nilimwambia asikanyage tena kiwanjani kwangu, mwanamke wa tumbaku puani anakuja kunifundisha usafi. Akachukua ndoo yake akashuka.

Siku tatu nilikaa hivyo. Ya nne bibi yangu, ambaye hajapata kuniamuru kitu tangu tuoane, akasema, "Nitakwenda Kabambare wiki hii. Mufulaji atakaa na mimi ndani. Wewe, baba, utafuata na pikipiki." Akatuma mtoto kijitoni kumwita.

Mufulaji ndiye aliyemchagua shofere. Alimgeuza kola ya shati barabarani, mbele ya watu, akailamba, ndipo akamwachia ufunguo. Wakaondoka. Mimi nyuma kwenye pikipiki, kichwa kimefungwa kitambaa, nakula vumbi la gari langu mwenyewe. Kwenye daraja la magogo walisimama, nikasaidia kupanga mbao, na nikaona bibi yangu nyuma ya kioo ananitazama. Alinipungia mkono. Kioo hakukifungua.

Tulifika siku ya pili. Yule dada alikuwa ameketi mlangoni. Bibi yangu alipiga magoti mbele yake, na mikono ile ya kipofu ikaanza kwenye paji, ikashuka machoni, mashavuni, kidevuni. "Umekonda," akasema. Akaweka kiganja kifuani mwa mdogo wake, akakiacha pale muda mrefu. "Lakini unapumua."

Bibi yangu akabaki kwa dada yake. Mufulaji naye akabaki, akisema maji ya kule ni mazuri kwa sabuni. Gari lilibaki kwenye kiwanja cha yule dada. Nilirudi Kasongo peke yangu, nikafungua depo, na chini kijitoni hakukuwa na mgongo wa mtu.

Kuacha sigara sitaki kusimulia. Ni kazi mbaya, haina heshima, unatetemeka mbele ya wateja, unagombana na mizani. Nilishindwa mara mbili. Mara ya tatu nilichoma makoti yote, hata lile zuri. Ikapita mvua nzima na kiangazi. Ndipo nikapanda pikipiki kwenda kumwomba bibi yangu arudi.

Mufulaji nilimkuta kabla sijafika kwa yule dada, chini kwenye maji. Alikuwa ameketi juu ya jiwe bila nguo yoyote ya kufua, mikono imelala mapajani, imevimba, vidole havikunjiki. Majivu ya miaka yote yale yalikuwa yamedai haki yao. Aliniangalia nikishuka.

"Muzee. Umekonda."

"Nimeacha."

"Najua. Ungekuwa hujaacha ungetuma mutu."

Nikakaa kwenye jiwe la pili. Nilikuwa nimechoka na njia, na nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, jambo ambalo sina mazoea nalo. "Siku ile nilikufukuza..."

"Ulinifukuza, na mi nikaondoka ndani ya gari yako, na wewe nyuma kwa vumbi. Nani alishinda?" Akacheka, akakohoa, akafuta jicho kwa mkono ule mbaya. Halafu akashusha sauti, nikajua neno linakuja, maana tulikuwa wawili tu.

"Makoti yako nilikuwa nafula mi," akasema. "Miaka mingi. Bibi yako alikuwa analeta Ijumaa ukiwa kwenye sala. Anasema, Mama, toa moshi kwa kitambaa tu, isilowe, nirudishe kwenye msumari kabla hajatoka msikitini."

Nilikuwa nikirudi kutoka msikitini kila Ijumaa, nikavaa koti langu, nikafikiri mimi ni mtu mwerevu sana.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mume wangu alianza na baiskeli, leo watu wanasimama akipita. Nani atamuambia mutu kama ule ananuka? Mi naweza kukohoa kidogo."

"Lakini wewe ulisema."

"Siku ile dada alikuwa anangoja kumushika uso," akasema. "Nikaona kukohoa kidogo kumetosha."

Maji yalipita. Nikamuuliza nimwambieje bibi yangu ili arudi.

"Usimuambie kitu. Dada yake hawezi kubaki peke yake, na yeye hatamuacha. Wewe mutu wa kuongea mingi. Nenda ukae ndani ya gari. Kaa tu."

Niliinuka. Nilimpa mkono kumwinua naye akakataa, akasema anataka kuona jua linavyogeuka juu ya maji, kwa sababu zamani hakupata nafasi. Huo ndio mwisho wa maneno yetu. Wakati wa mvua iliyofuata alifariki, na waliomwosha walisema mikono haikufunguka.

Nilipanda mpaka kiwanjani. Bibi yangu alikuwa jikoni na dada yake. Nilisalimia, sikueleza kitu, nikaingia ndani ya gari-nyumba, nikakaa pembeni kwenye ule mkeka. Ndani hakukunuka kitu. Bati na mbao. Niliacha mlango wazi, na nilikaa pale muda mrefu sana, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Bibi yangu alikuja na bakuli la karanga zilizochemshwa. Alisimama mlangoni, akavuta hewa mara moja, polepole. Akavuta tena. Akapanda, akakaa karibu yangu, bega kwa bega, akaweka bakuli katikati ya miguu yetu.

Halafu akanyoosha mkono akaufunga mlango.